Kumfundisha Mtoto Katiba kwa Vitabu vya Picha: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu

Katiba haiandikwi kwa ajili ya watoto. Ibara zake zimejaa maneno mazito, na hata watu wazima wengi huifungua pale tu wanapokuwa na kesi au ubishi wa kisiasa. Hata hivyo, jambo kuu linalosemwa humo mtoto wa miaka mitano analielewa, nalo ni kwamba mwenye nguvu hapaswi kufanya kila analotaka. Mtoto huishi kila siku chini ya amri za wakubwa, na huanza mapema kuuliza kwa nini fulani ndiye anayeamua na nani aliyempa ruhusa hiyo. Kitabu cha picha kinaweza kulibeba swali hilo vizuri kuliko kitabu cha uraia, kwa sababu mchoro humwonyesha mtoto ambaye bado hajajua kusoma nani ameketi juu, nani amesimama chini na nani ameachwa nje ya mlango.

Kabla ya kununua au kuazima kitabu chochote, mzazi au mwalimu aisome kwanza katiba ya nchi yake mwenyewe. Haitamlazimu kuisoma yote. Dibaji, sura ya haki, ibara zinazoeleza mamlaka yanatoka wapi na zile zinazomwekea mipaka mkuu wa nchi zinatosha kwa kuanzia. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, kwa mfano, inasema katika ibara ya 12 kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na sentensi hiyo inaweza kusomwa kwa mtoto jinsi ilivyo bila kurahisishwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaeleza haki za mtoto katika ibara ya 53, zikiwemo jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makazi, matibabu, na malezi ya mama na baba. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inazungumzia watoto katika kifungu cha 28. Msomaji akizipata ibara za namna hii katika katiba yake, atakuwa na kipimo cha kupimia vitabu atakavyokutana navyo.

Kuchagua kitabu

Vitabu vingi vinavyouzwa kama vitabu vya katiba kwa watoto kwa kweli ni vitabu vya alama za taifa. Ndani yake mna bendera, wimbo wa taifa, nembo, na picha za viongozi wakitabasamu. Hakuna ubaya mtoto kuijua bendera yake, ila bendera haimwambii kama polisi anaweza kumkamata mtu bila sababu, wala kama rais anaweza kubaki madarakani maisha yake yote. Kwa maoni yangu, kitabu ambacho kila mwenye cheo humo ni mwema na kila raia humo anapiga makofi hakifundishi katiba hata kidogo. Kinafundisha utiifu, na huenda kikafanya kazi hiyo kwa rangi nzuri sana.

Kitabu kinachofaa kinakuwa na kizuizi ndani yake. Kuna mtu anayetaka kufanya jambo, ana nguvu za kulifanya, na kuna kanuni inayomsimamisha. Si lazima kitabu chenyewe kitaje neno katiba. Hadithi ya wanyama waliochoka na mkuu wao anayebadilisha sheria kila asubuhi, wakakubaliana kuandika sheria ambazo hata yeye hawezi kuzifuta peke yake, inamfundisha mtoto wa miaka sita mengi kuliko kurasa ishirini za maelezo kuhusu Bunge, serikali na mahakama. Angalia pia michoro inawaweka wapi wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na watu wa jamii ndogo. Maneno yakisema "sisi sote" huku picha zikionyesha watu wa aina moja tu, mtoto ataamini picha.

Picha na katiba zimekutana zamani, na mifano miwili inafaa kuonyeshwa kwa watoto wenyewe. Nakala asili ya Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, iliandikwa kwa mkono na kupambwa kwa michoro ya msanii Nandalal Bose na wanafunzi wake wa Santiniketan, kuanzia alama za ustaarabu wa kale wa Bonde la Indus hadi picha za Gandhi. Watoto hushangaa kusikia kwamba sheria kuu ya nchi kubwa kiasi hicho ina michoro kurasani. Nchini Japani, mwaka 1947, Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kuwaeleza wanafunzi katiba mpya iliyofuata vita. Mchoro wake mmoja ulipata umaarufu mkubwa: silaha zinatumbukizwa ndani ya chungu kikubwa kilichoandikwa kwamba vita vimeachwa, na upande wa chini yanatoka mambo ya amani kama treni, meli na gari la zimamoto. Huo ndio ufundi wa kutafuta katika kitabu. Mchoraji hakuchora ibara ya 9, ile inayoachana na vita, alichora kile ambacho ibara hiyo inafanya.

Kusoma pamoja

Somo la kwanza lifanyike bila kusoma maneno. Funika maandishi kwa karatasi, mpe mtoto muda wa kuipitia picha, kisha uliza maswali mawili tu katika kila ukurasa wenye tukio: nani anaamua hapa, na nani anaweza kumwambia hapana? Swali la pili ndilo lenye uzito. Katika kurasa za mwanzo mtoto atajibu kwamba hakuna mtu, na jibu hilo ni sahihi mara nyingi, kwa sababu hadithi nzuri huanza pale ambapo kizuizi hakijapatikana. Mkifika ukurasa ambapo jibu linabadilika, rudini nyuma, muulize mtoto kitu gani kimebadilika kwenye mchoro, na mwache anyooshe kidole kabla hujamsomea lolote.

Baada ya hapo soma maneno kwa sauti, polepole, na usisimame kueleza kila neno gumu. Neno "mamlaka" linaeleweka likisikika mara nyingi mahali panapofaa, si kwa kuelezwa mara moja. Maneno ambayo kweli yanastahili kufundishwa ni machache: haki, sheria, kiongozi, kura, hakimu, na ibara yenyewe. Mengine yatakuja.

Umri unabadilisha kazi hii kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa miaka minne hadi sita anashika haki moja kwa kikao kimoja, na haki hiyo iwe ya jambo linaloonekana, kama vile jina, shule, au kutopigwa. Kuanzia miaka saba mtoto anaweza kufuata utaratibu, na hapo ndipo ibara zenye saa na hesabu zinapopendeza. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka mtu aliyekamatwa aambiwe upesi sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24, ila pale muda huo unapoishia nje ya saa za kazi za mahakama. Mchoro wa saa ya ukutani katika kituo cha polisi unatosha kufungua mazungumzo marefu kuhusu kwa nini saa hiyo ipo. Mipaka ya vipindi vya urais nayo inachoreka kwa urahisi, kwani kiti kimoja na watu wanaopokezana hueleza jambo ambalo wanasiasa hulizungusha kwa hotuba. Marekani iliweka ukomo wa kuchaguliwa mara mbili kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1951, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuulizwa ni hatari gani watu waliiona.

Kuna kosa ambalo nalisikia mara nyingi kwa watu wazima wenye nia njema. Kila wanapotamka neno haki huongeza mara moja neno wajibu, kwa namna inayomfanya mtoto aamini kwamba haki ni zawadi ya tabia njema. Wajibu upo, na katiba nyingi zinautaja, lakini mtoto mtundu ana haki ya kwenda shule sawasawa na mtoto mtulivu, na mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa hata kama kila mtu ana hakika kwamba ametenda kosa. Kitabu kinachoonyesha mtoto akinyimwa haki kwa sababu ya utundu, kisha akirudishiwa baada ya kuomba radhi, kirudishwe rafuni.

Maswali yatakayokuja

Mtoto aliyesoma kwamba kila mtoto ana haki ya elimu atamwona mtoto mwenzake asiyesoma, naye atauliza. Usimwambie kwamba kitabu kimekosea, wala usimwambie kwamba mambo yote ni sawa. Mweleze kwamba katiba ni ahadi yenye nguvu ya kisheria, kwamba ahadi inaweza kuvunjwa, na kwamba ndiyo maana kuna mahakama ambako mtu anaweza kwenda kuilalamikia serikali yenyewe. Jambo hili la mwisho huwasisimua watoto kuliko jingine lolote, kwa kuwa hawakuwahi kudhani kwamba serikali inaweza kushtakiwa na ikashindwa.

Swali jingine ni kwa nini katiba ya zamani iliruhusu mabaya. Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787 huku utumwa ukiendelea, ukaja kupigwa marufuku kwa marekebisho ya mwaka 1865, na wanawake wakalindiwa haki ya kupiga kura katika nchi nzima mwaka 1920 tu. Chora mstari wa miaka kwenye karatasi ndefu, bandika picha kwenye kila tukio, na umwache mtoto aone umbali kati ya picha moja na nyingine. Mtoto akiuliza kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo, jibu la kweli ni kwamba waliokuwa wakiumia hawakuwa wamealikwa mezani pale kanuni zilipoandikwa.

Kutunga kitabu chenu

Hapa ndipo ninapopendekeza muda mwingi utumike, kwa sababu mtoto anayelazimika kuichora ibara analazimika kuamua ina maana gani. Karatasi nne zikikunjwa katikati na kufungwa kwa uzi au pini hutoa kurasa 16, nazo zinatosha. Ukurasa wa kwanza ni jalada na wa mwisho uachwe wazi. Zilizobaki ni jozi saba za kurasa zinazotazamana, yaani ibara saba, kila ibara na jozi yake: upande wa kushoto pachorwe hali ilivyo pasipo ibara hiyo, upande wa kulia hali ilivyo ikiwa ibara inafuatwa. Chini ya mchoro mtoto aandike sentensi moja kwa maneno yake, na chini kabisa mtu mzima aandike namba ya ibara.

Chagueni ibara zenye tendo. Uhuru wa kusema, usawa mbele ya sheria, kura, ukomo wa uongozi na haki ya kusikilizwa zinachorwa vizuri. Umoja wa kitaifa na heshima ya utu huishia kuwa watu walioshikana mikono, kwa hiyo muulize mtoto heshima ya utu ikivunjwa inaonekanaje, naye ataanza kuchora kitu chenye maana. Usimsahihishe mchoro. Akimchora rais mdogo kuliko hakimu, muulize sababu, huenda ameelewa zaidi ya unavyodhani.

Walimu wengi humalizia kazi hii kwa kutunga katiba ya darasa, nayo ni kazi nzuri ikifanywa kwa uaminifu. Mara nyingi inageuka kuwa orodha ya makatazo kwa watoto, tusipige kelele, tusichelewe, tusikimbie, na mwalimu habanwi na chochote. Hiyo ni orodha ya sheria za darasa iliyopewa jina kubwa. Katiba ya darasa iwe na ibara moja angalau inayomfunga mwalimu, kwa mfano kwamba hataadhibu mtoto kabla ya kumsikiliza, na ieleze nini kitafanyika akiivunja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa kulingana na umri na ukomavu wake, kwa hiyo mwalimu hafanyi hisani kwa kukubali kubanwa.

Iwekeni pia ibara ya marekebisho, na mwache watoto wabishane kuhusu idadi ya kura zinazohitajika. Waambieni kwamba Katiba ya India imerekebishwa zaidi ya mara 100, ilhali ile ya Japani, inayodai theluthi mbili ya wajumbe katika kila moja ya mabaraza mawili ya bunge pamoja na kura ya maoni ya wananchi, haijabadilishwa tangu ilipoanza kutumika mwaka 1947, kisha muwaulize wanataka katiba yao iwe rahisi kubadilika kama ipi. Pendekezo la nusu ya darasa likishinda siku ya Jumatatu, mtu atataka kulipindua Jumanne, na watoto wataiona wenyewe sababu ya theluthi mbili.

Mwisho, andikeni tarehe kwenye kila kitabu mnachotunga na mwangalie mwaka wa uchapishaji wa kile mnachosoma. Kitabu kinachosema kwamba Afrika Kusini ina lugha rasmi 11 kilikuwa sahihi hadi mwaka 2023, ilipoongezwa lugha ya alama kuwa ya 12. Mkikuta ukurasa uliopitwa na wakati namna hiyo, mpe mtoto kipande cha karatasi achore marekebisho, ayaandikie mwaka, na kuyabandika juu ya ukurasa wa zamani kwa upande mmoja tu, ili yeyote anayetaka aweze kukiinua na kuona kilichokuwapo awali.