Jinsi ya kujua riaksheni ni ya aina gani bila kukariri

Wengi wanaokosa swali la "riaksheni hii ni ya aina gani?" majina wanayajua yote, muunganiko, mtengano, uhamishaji, ubadilishanaji, uunguaji, wanayataja kama wimbo, ila wape ikwesheni ambayo hawajawahi kuiona uone wanavyokwama. Shida ni kwamba wanaanza na jina. Wewe anza kuhesabu, vimeingia vingapi kushoto, vimetoka vingapi kulia, halafu ndo uulize nani kamhamisha nani.

Chukua chokaa, maana hii peke yake inakufundisha karibu nusu ya topiki. Unguja watu wamechoma mawe ya matumbawe miaka na miaka wapate chokaa, na kuta za Mji Mkongwe ndo zimejengwa nayo. Jiwe ni CaCO3, likipigwa moto mkali, kama nyuzi 900 hivi, linaachia gesi: CaCO3 → CaO + CO2. Kimeingia kimoja vimetoka viwili, huo ni mtengano. Na ukiliokota baada ya moto unashangaa lilivyo jepesi, kilo 100 za CaCO3 safi zinabaki 56 tu, zile 44 zimepaa na gesi.

Sasa limwagie maji kidogo kidogo (kaa mbali, linda macho, inaunguza kweli). Linachemka, linatoa mvuke, linapasuka lenyewe mpaka linakuwa unga mweupe. CaO + H2O → Ca(OH)2, viwili vimekuwa kimoja, muunganiko. Ukishapaka ukutani inavuta CO2 ya hewani taratibu na kurudi kuwa jiwe, Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O. Hapa uwe makini, viwili vimeingia na viwili vimetoka lakini hakuna waliobadilishana wenza, hii ni besi na oksaidi yenye tabia ya asidi, yaani ni uzimuaji, asidi na besi kuzimana nguvu. Ndo maana nasema kuhesabu ni mwanzo tu.

Uhamishaji nao ufanye kwa mikono yako uuone. Nunua mrututu, zile chenga za bluu, ndo CuSO4 yenyewe, yeyusha kidogo kwenye maji ndani ya glasi ambayo hutainywea tena maana ni sumu, tumbukiza msumari wa kawaida usiopakwa zinki. Usugue kwa msasa kwanza, watu wanairuka hii hatua halafu wanasema jaribio limegoma. Dakika chache tu msumari unavaa koti la kahawia jekundu, hiyo ni shaba, na ukiuacha muda mrefu bluu inapauka kuelekea kijani. Fe + CuSO4 → FeSO4 + Cu. Chuma kina nguvu kuliko shaba kwenye mstari wa utendaji (orodha ya metali kuanzia yenye nguvu zaidi) kwa hiyo kimeisukuma nje. Geuza sasa, weka waya wa shaba kwenye maji ya FeSO4, utasubiri mpaka kesho hakuna kitu.

Ubadilishanaji ni kampaundi mbili kubadilishana wenza: AgNO3 + NaCl → AgCl + NaNO3, na unaona mashapo meupe, yaani chembe ngumu zisizoyeyuka, hapo hapo. Asidi na besi, HCl + NaOH → NaCl + H2O, nayo ni humo humo.

Uunguaji tafuta oksijeni na moto. Gesi ya jikoni, chukua propani iliyomo ndani yake, C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O. Mkaa nao, C + O2 → CO2, huo ni uunguaji na pia ni muunganiko, majibu yote mawili ni sahihi, usimbishie mwenzako. Hewa ikiwa haba mkaa unatoa CO, haina rangi wala harufu na inaua, usilale na jiko la mkaa ndani jamani.

Inayowasumbua sana ni magadi ya kuokea na siki: NaHCO3 + CH3COOH → CH3COONa + H2O + CO2. Vimetoka vitatu, mtu anachanganyikiwa. Kumbe ni hatua mbili, kwanza wanabadilishana wenza inatoka H2CO3, halafu hiyo H2CO3 inajitenga yenyewe kuwa maji na gesi, na yale mapovu unayoyaona ni hiyo hatua ya pili.