Kuongeza diski ya pili (hard disk) kwenye kompyuta ya mezani

Mpiga picha mmoja wa harusi alitoka Ujiji hadi kibandani kwangu Mwanga na kompyuta yake imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. "Fundi, CPU imejaa." Hapa Kigoma boksi zima linaitwa CPU, ingawa CPU ni chipu moja tu ndani yake, nami nimeshaacha kubishana. Kilichojaa kilikuwa diski ya kuhifadhia mafaili, hard disk ya GB 500: harusi, ubatizo, mahafali, na Windows yenyewe imebanwa pembeni haina pa kupumulia. Nitaeleza kazi kama nilivyoifanya kwenye mashine yake, mtumba wa ofisini wa kawaida tu, ili nawe uifanye nyumbani.

Fungua kwanza, nunua baadaye. Wengi hununua diski kisha ndipo wafungue boksi. Waya ukikosekana hapa mjini unaagiza Kariakoo na kusubiri basi, kwa hiyo angalia mapema vitu vitatu: nafasi ya kuweka diski, soketi ya SATA (ya kuunganishia diski) iliyo wazi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, na waya wa umeme ambao haujachomekwa popote. Soketi za SATA ni vidomo vidogo, mara nyingi vimeandikwa SATA0, SATA1, SATA2. Ikiwa zote zimejaa na hutumii tena mlango wa DVD, chomoa DVD; soketi yake inafaa diski, na waya wake wa umeme pia, isipokuwa DVD nyembamba ambayo kidomo chake cha umeme ni kidogo na hakiingii kwenye diski. Maboksi membamba ya ofisini mara nyingi yana nafasi moja tu ya diski kubwa ya inchi 3.5, hapo diski ya inchi 2.5 ndiyo itakayokuokoa. Na kwenye Dell na HP nyingi za miaka ya karibuni, waya wa umeme wa diski hutoka kwenye mazabodi, si kwenye pawa saplai. Piga picha kwa simu uende nayo dukani.

Diski gani? Kwa picha na video za kutunza, ya kuzunguka inatosha na bei yake ni nafuu kwa ukubwa. Kama tatizo lako ni mashine nzito, nunua SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, uhamishie Windows huko, ya zamani ndiyo iwe ya pili. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke na kufungua programu ya CrystalDiskInfo mbele yako. Ikionyesha rangi ya njano na neno Caution, rudisha pesa mfukoni. Tazama pia saa ilizofanya kazi: saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa.

Zima na chomoa. Chomoa waya wa ukutani kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu kingine. Vumbi lifagie kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Usipeleke mashine kwa fundi pancha apulize. Pampu yake hutema maji pamoja na upepo.

Funga diski. Skrubu za diski ya inchi 3.5 zina meno makubwa, za inchi 2.5 zina meno madogo, na ukizichanganya unaharibu tundu. Anza kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, si yake. Boksi nyingi za Dell hazihitaji skrubu: kuna kitanda cha plastiki chenye vishikio vya buluu, unapanua kidogo na diski inaingia.

Chomeka nyaya mbili. Mwembamba ni wa data, mpana ni wa umeme. Vyote viwili vina umbo la herufi L ndani, haviingii kinyume isipokuwa umelazimisha, na ukilazimisha unavunja kidomo cha diski. Waya wa data wenye kiklipu cha chuma ni bora. Diski ya zamani iache kwenye soketi yake ileile.

Usifunge boksi bado. Washa usikilize. Mvumo laini ni sawa. Ikigonga tik, tik, tik na kurudia, zima, hiyo ni mbovu. Kisha ingia BIOS, menyu ya mipangilio ya mashine, kwa kubonyeza mara tu unapowasha F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP nyingi, uone kama diski mbili zimeorodheshwa. Kuna Dell za zamani ambazo soketi ya pili imezimwa humo ndani hadi uiwashe mwenyewe.

Sasa Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Diski mpya kabisa itauliza MBR au GPT, mitindo miwili ya kupanga diski. Chagua GPT, MBR huishia TB 2. Utaona mstari mweusi ulioandikwa Unallocated: bofya kulia, New Simple Volume, kubali NTFS, ipe herufi na jina. Yake tuliiita PICHA. Ya TB 1 itasomeka GB 931, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

Hapa ndipo ninaposimama kila mara. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa na diski mbili za GB 500 kwenye mashine moja, moja tupu, nyingine ya mteja. Nilibofya Format bila kusoma. Ilikuwa ya mteja. Bahati ilikuwa formati ya haraka, ambayo hufuta orodha na kuacha mafaili chini yake. Nilizima papo hapo, nikarudisha picha nyingi, ila majina yote yalipotea na mama yule alikaa siku mbili akizitambua moja moja. Tangu siku hiyo napiga picha lebo ya diski kabla ya kuifunga, kisha kwenye Disk Management nabofya kulia jina la diski, Properties, nalinganisha modeli. Na kama diski ilishatumika na Windows inakuomba uiformati, bofya Cancel kwanza.

Kuhamisha mafaili. Nakili, usikate. Umeme ukikatika katikati, ulichonakili bado kipo kulikotoka. Picha za yule bwana zilichukua zaidi ya saa moja na nusu, tukapata muda wa chai na chapati. Nilimfungulia harusi tatu kutoka PICHA, za mwanzo, za katikati na za mwisho, ndipo nikamruhusu kufuta za zamani. Folda ya Pictures yenyewe unaweza kuihamisha: bofya kulia, Properties, Location, Move.

Jioni akapiga simu: "Fundi, PICHA haipo." Nilimwambia afungue ubavu wa boksi asukume waya wa data. Ulikuwa umelegea, umetikiswa na bodaboda njia nzima, na mimi nilikuwa nimempa ule usio na kiklipu.