Kukunja paipu ya kopa bila kubonyea

Ukitaka kuzungusha paipu ya kopa, yaani shaba, iwe koili, usiikunje ikiwa tupu. Itabonyea tu. Ziba ncha moja, jaza chumvi laini iliyokauka kabisa huku ukiigongagonga ishuke, kisha ziba ncha ya pili. Wengi hutumia mchanga. Mimi napenda chumvi kwa sababu ukimaliza unaisuuza kwa maji ya moto mpaka iishe. Paipu ngumu ipashe moto kabla ya kuijaza, iwe nyekundu kwa mbali, halafu iache ipoe: shaba hulainika. Ikishajazwa, izungushe taratibu kwenye bomba nene la chuma, bila kukunjua na kurudia, maana kila ukirudia inazidi kukakamaa. Ya friji usiifanye hivi, chembe ikibaki unaua kompresa.