Pomboo, matumbawe na wali wa nazi kisiwani: jinsi ya kupanga siku yako baharini Mtwara

Watu wengi wakisikia kuogelea na pomboo akili inaenda Zanzibar moja kwa moja, Kizimkazi, na ni sawa, kule wamezoea, unalipa unapanda boti basi. Huku kwetu Mtwara pomboo wapo, matumbawe yapo, visiwa vya kukaa mkapika mkala vipo, ila unapanga mwenyewe kuanzia nahodha mpaka ndimu. Nimeshapeleka ndugu na wageni mara nyingi, na kila mwezi wa kumi ukikaribia naulizwa maswali yaleyale, kwahiyo naandika hapa navyofanya mimi.

Sehemu yenyewe ni Ghuba ya Mnazi, upande wa Msimbati na Ruvula. Lile eneo lote ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, inaitwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kama kilomita za mraba 650, na ndani yake kuna vijiji vya watu wanaovua na kulima, sio pori. Kutoka Mtwara mjini ni kilomita 40 na kitu, unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi alafu unaingia Msimbati, na kule mbele kuelekea Ruvula ni mchanga mtupu, gari ndogo inazama, mwenye gari ya chini aiache kijijini achukue bodaboda. Kwa vile ni hifadhi kuna kiingilio, unalipia kwa kontroli namba, sasa lifanye hilo siku moja kabla mkiwa mjini, usisubiri saa kumi na mbili asubuhi mtandao unasumbua na watoto wameshavaa tayari. Na kila mtu abebe kitambulisho, huku ni mpakani, kuulizwa ni kawaida na hamna ubaya.

Sasa kitu cha kwanza kabisa. Anza na mwezi, usianze na tarehe ya likizo yako. Hapa ndo watu wanakosea, wanakuja Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, wanakuta maji yametoka boti imekaa mchangani, au yanakimbia kama mto, alafu wanasema Mtwara hamna kitu.

Maji yetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yakitoka yanatoka mbali kweli, na mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Pwani yetu hii siku za bamvua maji yanakuwa yametoka kabisa kama saa nne asubuhi, na yanajaa kama saa kumi jioni. Ukilishika hilo umeshapanga siku yako nzima. Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi maji bado yapo ya kuelea boti, saa moja mpaka saa tatu mnatafuta pomboo bahari ikiwa imetulia, saa nne maji yamesimama, alafu kuanzia saa nne na nusu hivi yanaanza kuingia maji mapya kutoka kilindini, na hayo ndo masafi, ndo wakati wa kuvaa miwani ya kuzamia na kuangalia matumbawe. Yakiwa yanatoka yanakuletea tope la mikoko na takataka za ghubani, huoni mbali. Mnakula saa saba, saa tisa mnarudi na maji yamejaa boti inapita juu ya mafungu ya mchanga bila kugusa. Kama hujui tarehe ya mwezi muulize mzee yeyote anayeswali au anayevua, akikwambia leo ni mwezi 14 au mosi ujue uko sawa, na kwenye simu siku hizi jedwali la maji lipo ukitafuta.

Nalisisitiza kwa sababu limenikuta. Kuna mwaka tulikwenda na kijana mmoja ana boti nzuri mpya, siku ya maji yasiyo yake, tukanogewa na chakula, maji yanatoka hamna aliyeangalia. Kuja kushtuka boti imelala ubavu juu ya fungu na maji yako mita 200 mbele. Tulikaa pale masaa matano na watoto wawili, kivuli hamna, maji ya kunywa yamebaki chupa mbili. Mtoto wa dada yangu midomo ilipasuka kwa jua. Tangu siku ile mimi naangalia maji kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Baada ya mwezi, upepo. Kusi linapuliza kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi na Juni Julai Agosti linakuwa kali, mawimbi makubwa nje, kwa mtu asiyezoea ni kutapika tu. Kuanzia Desemba kaskazi na mvua, Mto Ruvuma unamwaga tope na maji yanakuwa ya kahawia upande wa kusini. Aprili na mwanzo wa Mei mimi siendi kabisa, miezi hiyo vimbunga vimeshatokea, Kenneth mwaka 2019 kilipiga jirani zetu Msumbiji, Hidaya mwaka 2024 kilitufikia huku kusini. Miezi yangu ni mwisho wa Septemba mpaka Novemba, bahari imelala kama mafuta, na ukibahatika unaona na nyangumi wanavyopita, hao wanakuja kuzaa maji ya joto kuanzia Julai wakitokea kusini kwenye baridi. Siku moja kabla sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na wakisema upepo mkali basi ahirisha hata kama umeshanunua samaki.

Nahodha. Usichague boti, chagua mtu. Nenda Msimbati siku mbili tatu kabla, salimia, ulizia kwa BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, au ofisi ya serikali ya kijiji, watakuonyesha nani anapeleka watu. Kaa naye chini mkubaliane vitu vitatu kila kimoja peke yake: boti, mafuta, na posho yake na msaidizi, manake ugomvi wote unatokea pale mtu alidhani mafuta yamo kumbe hayamo. Alafu omba uione boti kwa macho. Laifjaketi idadi ya watu pamoja na watoto, makasia mawili, upo wa kukumbia maji, nanga ya kamba ndefu, pulagi ya akiba, na petroli ya kwenda na kurudi na nusu yake tena juu. Turubai la kivuli kama lipo. Akikwambia laifjaketi za nini bahari yenyewe shwari, mshukuru, tafuta mwingine.

Pomboo wenyewe sasa. Hawa sio samaki, ni wanyama wananyonyesha, wanapanda juu kuvuta hewa kama wewe na mimi, na hata wakilala nusu ya ubongo inabaki macho ili wakumbuke kupumua. Kuna aina inawinda usiku, kwahiyo asubuhi unapowakuta wanazunguka taratibu kumbe ndo wamepumzika. Mtu anakuja na mashine kwa kasi anawapita katikati, wanazama, wanaibukia mbali, anawafuata tena, wanazama tena. Huko kunakofurika boti hili limekuwa tatizo kubwa na mimi naomba sisi huku tusifike huko, bado tuna nafasi ya kufanya vizuri.

Mzee mmoja wa Msimbati alinifundisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya boti nanyoosha kidole, mzee wale pale, wale pale, twende! Akapunguza mashine mpaka ikawa inanong'ona. "Mwanangu, wale hawafukuzwi. Kaa. Wakitaka watakuja wenyewe." Akaweka nyutro, tukakaa. Dakika kumi kimya, maji yanapiga ubavu wa boti tu. Alafu nikasikia pfuuu nyuma yangu, kama mtu anapuliza moto, nageuka namkuta mmoja yuko mita tano, mgongo wa kijivu unang'aa, na ubavuni kwake mtoto amebanana naye kabisa, akipumua mama na yeye anapumua. Walituzunguka mara mbili wakaenda zao. Hakuna aliyeshuka majini siku ile, yule mzee alikataa kwa sababu ya mtoto, na sijawahi kujuta.

Kwahiyo mwambieni nahodha hivi kabla hamjaondoka, mkiwa bado ufukweni: hatuwafukuzi, tunakwenda sambamba nao kwa ubavu sio kwa mbele wala kwa nyuma, tukifika kama mita 50 mashine inapungua alafu nyutro. Wakiwa na mtoto mdogo hamna kushuka. Wakibadilisha njia ghafla, wakizama muda mrefu kuliko mwanzo, au wakipiga maji kwa mkia, wamekasirika, ondokeni. Wakitulia na wakawasogelea, washuke watu wawili watatu tu, kwa kuteleza ubavuni taratibu sio kuruka, mikono ubavuni, usimfuate na usimguse hata akipita karibu ukaona unaweza. Nusu saa inatosha, na kama boti nyingine ipo pale subirini kwa mbali iondoke. Na siku msipowaona msimlaumu nahodha, hawa hawafugwi.

Matumbawe: ghuba hii ina aina zaidi ya 250, na yamepitia mengi, mwaka 1998 bahari ilipata joto mengi yakapauka yakafa, na baruti za wavuvi haramu zilivunja miaka mingi. Yaliyobaki na yanayoota upya yanakufa kwa mguu wako. Nanga iangushwe kwenye mchanga tu. Usisimame juu yake, ukichoka geuka ulale chali, laifjaketi itakubeba. Wale viumbe wa duara wenye miba mirefu myeusi wamejaa kwenye mashimo, na miba yao ikivunjikia mguuni siku yako imekwisha, kwahiyo viatu vya mpira usiache.

Miwani ijaribu nchi kavu: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, ikishika bila kudondoka inakufaa, ikidondoka tafuta nyingine, na hakikisha hamna nywele au ukingo wa skafu umeingia ndani. Temea mate kwenye kioo, sugua, suuza kidogo, haitaingia ukungu. Mwenye kuogopa muanzishie maji ya kiunoni, umshike mkono, uso ndani, apumue kwa mdomo kupitia mpira wa kupumulia pumzi ndefu kama kumi bila kwenda popote. Shangazi yangu ana miaka 58 na hajawahi kuogelea maisha yake, alikaa hivyo robo saa amenibana vidole mpaka vikauma, alafu akatulia, akanyoosha kidole chini, akawa anapiga kelele ndani ya mpira, kumbe ameona kasa. Akina mama na dada zangu, dera msiingie nalo, likilowa linakuwa zito na linafunga miguu, hilo ni hatari kabisa. Vaeni taiti na fulana ndefu ya mikono, inasitiri, na mgongo hauungui na jua.

Chakula mimi napenda tukipike wenyewe kisiwani, kuna Namponda, kuna Mongo, nahodha atawaambia wapi panafaa kwa maji ya siku hiyo na wapi wenyeji hawana shida. Samaki nunueni asubuhi kwa wavuvi wanaorudi, changu au kolekole, na pweza mumuagize mapema apigwepige vizuri kabla. Mchele umeshachambuliwa nyumbani, nazi mbili tatu na mbuzi ya kukunia, chumvi, ndimu nyingi, pilipili. Mkaa bebeni kutoka mjini na makumbi ya kuwashia, mikoko isikatwe hata tawi moja. Samaki mkate mistari, chumvi na ndimu, aache kidogo, moto uwe umeshuka umebaki wekundu, usimgeuze mpaka ngozi iachie yenyewe kwenye wavu. Kwa wanaosubiri kuna ming'oko (mizizi ya porini ya huku kusini) ya kuchemsha mliyobeba, na kama ni Oktoba Novemba korosho mpya, tena huku hazikosekani. Maji ya kunywa lita tatu kila mtu, usipunguze hapo. Mifupa na takataka zote ziingie kwenye kiroba zirudi mjini, na makombe ya baharini msibebe.

Saa nane na nusu zima moto kwa maji ya bahari sio kwa mchanga, mchanga unaficha makaa na mtoto wa mtu atakuja kukanyaga kesho. Hesabu watu, hesabu miwani, pandeni. Mkifika suuzeni vifaa kwa maji baridi ya kisima, na nahodha mlipe palepale mchangani, mkononi, kabla hamjapanda gari, alafu kama siku ilikuwa nzuri muulize bamvua ijayo inaangukia lini.