Kuunganisha Virai Nomino na Viwakilishi katika Sentensi za Kiingereza: Mwongozo kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Hivi karibuni nilimsaidia binti wa jirani yangu kuandika barua ya Kiingereza ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini. Msamiati wake ulikuwa mpana na tahajia haikuwa na dosari, lakini karibu kila aya ilikuwa na sentensi ya aina hii: "My mother she sews school uniforms." Chanzo chake kilikuwa wazi. Kwa Kiswahili tunasema "Mama yangu anashona sare za shule", na ile a- iliyotangulia kitenzi inamtaja mama kwa mara ya pili. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi kiambishi kama hicho, kwa hiyo mwandishi huhisi pengo, akaliziba kwa "she". Hatua zifuatazo ndizo tulizopitia pamoja.

Hatua ya 1: Zungushia kirai chote mabano ya mraba

Chapisha andiko lako, chukua penseli, kisha uweke mabano kwenye kila kirai nomino, yaani nomino pamoja na maneno yote yanayoifafanua. Ninasisitiza penseli na karatasi, kwa sababu mkono hulazimika kuamua kirai kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kwa mfano: "[The tall woman who sells fish near the bus stand] knows [my father]." Sasa weka kiwakilishi mahali pa kila mabano, upate "She knows him." Neno "she" limechukua nafasi ya kirai kizima, pamoja na urefu wa mama yule na samaki wake. Likibaki neno lolote linaloning'inia, kama katika "the tall she", basi mabano hayakuwekwa mahali pake.

Hatua ya 2: Futa kinachotajwa mara mbili

Penye nafasi moja ya kiima (mtenda) au ya yambwa (mtendwa), acha kirai au kiwakilishi, si vyote viwili. "Nilimwona Juma" ni "I saw Juma", wala si "I saw him Juma". "Simu niliyoinunua" ni "the phone which I bought", bila "it" mwishoni. Utawasikia wazawa wa Kiingereza wakisema "My brother, he never listens", lakini wao hutua baada ya "brother", na hayo ni mazungumzo. Katika barua usiyaige.

Pale tu nomino inapofafanua kiwakilishi ndipo viwili hivi hukaa pamoja kwa haki: "sisi walimu" ni "we teachers" kikiwa kiima na "us teachers" kikiwa yambwa.

Hatua ya 3: Hesabu watu kabla ya kutafsiri "na"

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hatua hii ilinigharimu mchana mzima. Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika taarifa ya safari ya kikazi: "We travelled to Dodoma with the driver." Tulikuwa wawili, mimi na dereva, na kichwani nilikuwa na sentensi "Tulisafiri na dereva". Mhasibu aliyeipokea hakujua Kiswahili. Alihesabu wasafiri wasiopungua watatu, akanirudishia marejesho yangu ya masurufu akitaka stakabadhi za mtu wa tatu. Nilijumlisha upya kila risiti, ya mafuta, ya chakula na ya malazi, nikitafuta kosa katika tarakimu, ilhali kosa lilikuwa katika neno "we".

Kiambishi tu- cha Kiswahili kinaweza kumhesabu hata mtu atakayetajwa baada ya "na". Neno "we" limekwisha kufunga hesabu yake kabla ya "with", na anayefuata "with" ni mtu wa ziada. Programu ya kukagua sarufi haitakuonya, kwa kuwa sentensi haina kosa la kisarufi. Imebeba tu idadi nyingine ya watu. Hata Kiswahili chenyewe kina utata hapa, maana "tulisafiri na dereva" inaweza pia kuwahusu watu watano, kwa hiyo idadi lazima uiamue mwenyewe. Wakiwa wawili pamoja na dereva, andika "The driver and I travelled". Wakiwa wawili au zaidi bila kumhesabu dereva, "We travelled with the driver" ni sahihi. Mtego huohuo umo katika vitenzi vya kutendana: "Tulikutana na Asha sokoni" mara nyingi ni "I met Asha at the market", na "Tumefanana na dada yangu" ni "My sister and I look alike".

Baada ya hesabu huja uchaguzi kati ya "I" na "me". Mwondoe mwenzako kwa muda, usome kilichobaki. "The office paid the driver and I" husikika kama Kiingereza cha msomi, lakini ukimwondoa dereva unabaki na "The office paid I", sentensi ambayo hakuna anayeitamka. Andika "the driver and me" bila hofu. Baada ya kihusishi ni vivyo hivyo: "between you and me". Kumtanguliza mwenzako ni adabu ya Kiingereza, tofauti na sisi tunaosema "mimi na dereva" pasipo kumkosea mtu. Mitaani utasikia "Me and my brother went", na si vibaya kuielewa, ila katika barua ya kazi tumia "My brother and I". Wapo wanaokwepa uamuzi huu kwa kuandika "the driver and myself". Mimi siipendekezi hata kidogo, kwa sababu "myself" hutegemea "I" iliyotangulia katika sentensi hiyohiyo, kama "I cut myself".

Hatua ya 4: Kagua umilikaji

"Baba yake Juma" ni "Juma's father". Ukiandika "his father Juma", umempa baba jina la mwanawe. Jinsia nayo humfuata mmiliki: "Asha na kaka yake" ni "Asha and her brother", ingawa kaka ni mwanamume. Na "nyumba yangu ile" haiwi "my that house", kwa kuwa "my" na "that" hugombea nafasi moja mbele ya nomino. Andika "that house of mine".

Hatua ya 5: Angalia vitenzi vya maneno mawili

Katika vitenzi kama "pick up", kirai nomino kinaweza kukaa baada ya "up" au kabla yake: "pick up the child", "pick the child up". Kiwakilishi hakina uhuru huo. Lazima kikae katikati: "pick her up".