Akisema "nilirithi kasha tupu", fungua daftari

Nina duka la rejareja hapa Likoni, Mombasa, na chini ya kaunta nina daftari la bei. Nililianza mwaka 2013, wala si kwa siasa. Nilitaka tu kujua mzigo wa wiki iliyopita ulinigharimu kiasi gani. Siku hizi lina kazi nyingine: kiongozi akipanda jukwaani na kusema uchumi uliharibiwa na aliyemtangulia, mimi hulivuta nikampima. Nitakueleza ninavyofanya. Huhitaji shahada, ni kalamu tu na risiti zako.

Usianze kwa kumwita mwongo. Mara nyingi anasema kweli, ila si yote. Deni halimfuati aliyelikopa hadi nyumbani kwake. Juni 2014 Kenya iliuza Yurobondi ya kwanza, yaani hati za mkopo wa dola kwa wawekezaji wa nje, Desemba ikaongeza nyingine juu yake, na ile sehemu ya miaka 10 ikafika dola bilioni 2, za kulipwa Juni 2024. Hesabu ya vidole ilitosha kuonyesha kwamba siku hiyo ikifika Rais Uhuru Kenyatta atakuwa ameshamaliza mihula yake. Wakati wa kukopa, dola moja ilikuwa kama shilingi 87. Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Zidisha mwenyewe: deni la shilingi bilioni 174 limekuwa la bilioni 320, na hakuna aliyeongeza kukopa hata senti. Serikali ya William Ruto, aliyempokea, ililazimika kuuza bondi mpya ya dola bilioni 1.5 Februari 2024, kwa gharama iliyozidi asilimia 10 kwa mwaka, ili ipunguze lile la zamani lililokuwa na riba ya 6.875. Mtu akiulalamikia urithi wa namna hiyo, namsikiliza.

Nikishamsikiliza, namuuliza alikuwa wapi.

Swali hili sikulisoma popote, niliulizwa mimi. Mwaka 2016 nilichaguliwa mweka hazina wa chama chetu cha akina mama 22. Nikafungua vitabu nikakuta pengo la shilingi 38,400. Vikao vitatu mfululizo kazi yangu ilikuwa moja, kumsema mwenzangu aliyenitangulia. Kikao cha nne bibi mmoja mzee, ambaye kwa kawaida husinzia hadi chai iletwe, akaomba zile fomu za kutolea pesa benki. Akazisogeza karibu na macho, akaniambia, "Mwanangu, hii saini ya pili ni ya nani?" Ilikuwa yangu. Miaka mitatu nyuma nilikuwa katibu, na pesa haikutoka bila saini ya katibu. Nilikuwa nasaini bila kusoma.

Basi mfanyie kiongozi wako hivyo hivyo. Ruto alikuwa naibu wa rais tangu 2013 hadi 2022. Katika miaka hiyo deni la taifa lilitoka kama shilingi trilioni 1.9 hadi kama trilioni 8.6. Najua naibu hasaini mikataba ya mikopo, na najua baada ya ile handisheki ya Uhuru na Raila Odinga, mpinzani wake, Machi 2018, alisukumwa pembeni. Kwa hiyo mimi humgawia: muhula wa pili namhesabia nusu au chini yake, wa kwanza namhesabia wote. Yurobondi na mkopo wa China wa SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ni vya 2014, wakati yeye na Uhuru walikuwa bado wanavaa shati jeupe na tai nyekundu kama mapacha.

Wala si yeye wa kwanza. Tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akasema anairithi nchi iliyoharibiwa vibaya na miaka ya utawala mbovu. Moi alikuwa amekaa pale pale. Watu walishangilia, nami nilishangilia, na nani angebisha baada ya Goldenberg, ile kashfa ya mabilioni ya enzi ya Moi? Lakini Kibaki alikuwa waziri wa fedha wa Jomo Kenyatta, kisha akawa makamu wa Moi kwa miaka 10. Halafu angalia Anglo Leasing, kashfa ya mikataba hewa ya vifaa vya usalama: mikataba ilianza mwisho wa enzi ya Moi, ikaendelea chini ya Kibaki, na mwaka 2014 Uhuru akaagiza zilipwe shilingi bilioni 1.4 ili wakopeshaji wa Yurobondi wasiikimbie nchi. Deni moja, marais watatu. Ukisikia mtu anamtaja mmoja tu katika mnyororo kama huo, jua kuna anayemficha.

Sasa kazi ya daftari. Chora safu tatu: ya aliyetoka, ya aliyeingia, na ya wasio hao. Watu wengi husahau safu ya tatu. Vita vya Ukraine vya Februari 2022, mvua zilizokosekana misimu mitano kaskazini, Benki Kuu ya Marekani kupandisha riba tangu Machi 2022: hayo hayakupangwa Ikulu ya Nairobi, na yalinipandishia bei dukani.

Kisha kila bei ipe tarehe. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uhuru ilitangaza pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 100. Kwangu ilikuwa inaisha kabla ya adhuhuri, na wateja wa jioni wakiniona mchoyo. Ruzuku ya kura hiyo, naiweka safu ya aliyetoka. Lita ya petroli Nairobi ilikuwa shilingi 159.12, na ilipofika 15 Septemba 2022 ikawa 179.30, siku mbili baada ya Ruto kuapishwa. Hiyo inanisumbua hadi leo. Ruzuku iliyozuia bei ilikuwa mzigo wa Uhuru, uamuzi wa kuitoa ulikuwa wa Ruto. Nimeiandika katikati ya mstari. Ila Julai 2023, ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipotoka asilimia 8 hadi 16, sikuwaza hata kidogo. Mswada uliandikwa na serikali yake, ukapitishwa na wabunge wa upande wake, na kusainiwa na mkono wake.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Kulaumu naruhusu hadi bajeti ya kwanza ya serikali yake mwenyewe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kwa Ruto hiyo ni ile ya Juni 2023. Kuna watakaosema nimembana, kwa sababu mkopo wa miaka 10 hauishi kwa miezi tisa. Kweli, na mkopo wenyewe ulibaki safu ya kwanza hadi ulipoisha kulipwa Juni 2024. Ninachomnyima ni ruhusa ya kuutaja kila anapotoza ushuru mpya.

Jambo la mwisho ninaloangalia: lawama ilifuatwa na nini? Sisi wa Mombasa tuliumia makasha yalipolazimishwa kupanda SGR hadi bara. Madereva wa malori walikaa, wapika chakula wa barabarani wakafunga. Siku ile ile ya kuapishwa Ruto alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa. Hiyo nampa alama yake, maana alilaumu na akatengua. Lakini reli aliyoilaumu kwa deni, serikali yake inataka ifike Kisumu na Malaba. Tangu hapo, akiitaja SGR kama dhambi ya mwenzake, mimi huendelea kupima sukari.

Chama chetu nilikiacha 2021. Safari hii niliandika karatasi ya makabidhiano: pesa zilizopo, wanaodaiwa, na wale ambao sidhani watalipa, tukasaini wote wawili mbele ya yule bibi. Kikao chake cha kwanza mwenzangu aliyenipokea alisimama akasema amekuta kitabu cha risiti kimechanika.

Kilikuwa kimechanika kweli.