Bosi kasema "Jumatatu usije"? Anza kuhesabu siku 30

Hii ni kwa Tanzania bara, hasa sisi wa madukani, saluni na magodauni ambao mkataba wetu ni wa mdomo tu.

Mdogo wangu kauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi miaka mitatu, Jumamosi jioni anafunga mahesabu bosi akamwambia Jumatatu usije, ntakupigia. Akakaa anasubiri simu. Mara bosi kasafiri, mara bosi yuko msibani, nakuja kushtuka mimi siku ya 19. Hapo ndo watu wanapoumia, maana kama unapinga kuachishwa kazi unatakiwa ufungue mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanaita CMA, ndani ya siku 30. Ukipitisha unaanza kwanza kuomba wakusikilize nje ya muda, na "alisema atanipigia" wala usiitegemee kama sababu.

Halafu sijui nani aliwadanganya watu kwamba bila karatasi huna haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndo akuandikie masharti ya kazi yako, na mkifika mbele ya Tume akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Ila usiende mikono mitupu. Tulikaa na dogo usiku tukapekua meseji za M-Pesa, kila mwanzo wa mwezi jina lilelile la bosi, 260,000 ileile, na WhatsApp kulikuwa na picha za daftari la mauzo, mwandiko wa dogo mwenyewe, alizokuwa anamrushia bosi kila jioni. Piga skrinshoti zote mapema kabla simu haijaanguka chooni.

Unadai nini sasa? Siku ulizofanya kazi hujalipwa, likizo ambayo hukwenda, na notisi: anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, wa kutwa au wa wiki siku 4, asipokupa muda akulipe hela yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa dogo, 260,000 gawa kwa siku 26 za kazi ni 10,000, mara 7, mara miaka 3, inakuja 210,000. Na cheti cha utumishi, wengi wanakisahau. Ila kama hujafikisha miezi 6 kazini, kudai kwamba umeachishwa isivyo haki hapo huna chako, na ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu kiinua mgongo hakipo.

Akikuletea barua ya "naacha kazi kwa hiari yangu" ili akutoe kidogo, usisaini jamani, hata kama una njaa.

Pale Tume ni bure na wakili si lazima. Unajaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri kwanza asaini kwamba kapokea, ndo unaipeleka. Akigoma kusaini tuma kwa EMS ya posta utunze risiti. Kinachoanza ni usuluhishi, mnakaa meza moja. Bosi wa dogo alikuja kanuna, akauliza kwani huyu ana mkataba? Msuluhishi akamwambia mkataba ulitakiwa uje nao wewe. Baada ya hapo wakaanza kuhesabu likizo.